Meno yako wapi? Miaka minne na Ford F-100 ya 1966

"Piga stata," mjomba akasema, "lakini macho yako yawe kwenye rota."

Ilikuwa saa nne usiku huku St. Paul, Minnesota, Novemba 2019, baridi imeshashuka chini ya sifuri. Tanga ilikuwa saa moja asubuhi. Mjomba alikuwa ameketi mbele ya gereji yake Ngamiani, simu ameiegemeza kwenye kopo la grisi ili mikono ibaki huru kwa chai ya rangi na vitumbua. Yangu nilikuwa nimeifunga kwa utepe kwenye ukingo wa boneti, kamera ikitazama injini ya pikapu ya Ford F-100 ya mwaka 1966 ambayo haikuwa imewaka tangu 1998. Nilishahangaika nayo wiki tatu. Plagi mpya, betri mpya, waya mpya, kabureta nimeifumua na kuifunga mara mbili. Ukipiga stata injini inazunguka vizuri tu, lakini haishiki.

Mke wangu akazungusha ufunguo. Stata ikalia, feni ikazunguka, mkanda ukakimbia. Ile rota ya kahawia ndani ya distributa, kile kifaa kinachogawia plagi umeme, ikatulia palepale ilipo.

"Haizunguki, mjomba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akanywa chai. "Basi, mjomba, iache kabureta ya watu ipumzike. Distributa inazungushwa na kamshafti. Kamshafti inazungushwa na gia ya mbele. Fungua mbele."

(Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba, yeye kwangu na mimi kwake. Msomaji asichanganyikiwe.)

Ndugu zangu wengi waliniuliza swali lilelile wakati huo: Marekani yote hiyo, magari mapya yamejaa, kwa nini utoe fedha ununue chuma chakavu? Sikuwa na jibu zuri. Nilichojua ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku mwaka 2006 nilikuwa na kitu ambacho mjomba angeweza kunifundisha, akiwa Tanga, akiwa ameshika chai. Kazi yangu ya mchana ni ya kompyuta. Hawezi kunisaidia humo, wala mimi siwezi kumweleza nafanya nini. Lakini rota isiyozunguka tuliielewa wote wawili kwa lugha moja.

Niliinunua kwa dola 2,800 kwa mkulima mzee kusini mwa Northfield, mwendo usiofika saa moja na nusu kutoka kwangu. Baba yake aliinunua mpya mwaka 1966, akabebea mbegu, mitungi ya maziwa, ndama, na mwishoni kuni. Ilipozimika katikati ya shamba waliivuta kwa trekta hadi bandani, na bandani ikabaki. Panya walikuwa wamejenga nyuma ya siti, ubavuni mwa tangi la petroli. Kwenye pikapu za Ford za miaka ile tangi lilikaa ndani ya kabini, mgongoni mwa dereva, na ukiendesha barabara mbaya unaisikia petroli ikichezacheza nyuma ya mabega yako. Hilo sikulipenda siku ya kwanza na silipendi hadi leo.

Mzee yule alinipa ufunguo, halafu akanipa kopo la kahawa lililojaa bolti, nati na skrubu. Kila kilichowahi kufunguliwa kwenye gari lile kwa miaka thelathini na mbili, na kikabaki mkononi baada ya kufungwa, kilikuwa humo. Nilipomwonyesha mjomba kopo lile kwenye video aliinuka, akaingia ndani ya gereji, akarudi na la kwake, la maziwa ya unga, akaliweka mbele ya kamera. Hakusema neno.

Kwenye kibati cha namba za gari kulikuwa na herufi ambayo sikuijua maana yake mpaka nilipokaa na vitabu vya Ford vya zamani. Herufi P: kiwanda cha Twin Cities. Kiwanda hicho kilikuwa hapahapa St. Paul, mtaa wa Highland Park, ukingoni mwa mto Mississippi. Kilifunguliwa mwaka 1925, kikapata umeme wake kutoka kwenye bwawa la mto huohuo, na chini ya ardhi yake kulichimbwa mchanga wa kutengenezea vioo vya magari. Desemba 2011 kilitoa pikapu yake ya mwisho aina ya Ranger kikafungwa, kisha kikabomolewa, na leo pale pamejengwa makazi ya watu. Miaka yangu ya kwanza huku, nikifanya kazi ya usafi usiku, nilikuwa napita mbele ya kiwanda kile kwa basi na kuona Ranger mpya zimepangwa kwenye uwanja wake chini ya taa. Sikuwa na gari wakati huo. Basi nilipoielewa ile herufi nilikaa kwenye kiti cha dereva kwa muda, mlango wazi, bila kugusa kitu. Gari hili lilizaliwa maili chache kutoka nilipoliegesha.

Niseme kidogo kuhusu pikapu na Wamarekani, maana kwetu picha si hiyo. Tanga ukisema pikapu mtu anaona Hilux. Huku Hilux huioni barabarani, na sababu mojawapo ni kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wafugaji wa Marekani walikuwa wakiuza kuku wa bei nafuu Ulaya kwa wingi, na nchi za huko, Ujerumani Magharibi na Ufaransa zikiwemo, zikapandisha ushuru kuwazuia. Marekani ikalipiza. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson alitoa tangazo la kutoza asilimia 25 kwa wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori madogo yanayotoka nje. Kwa bidhaa nyingine ushuru huo ulikuja kuondolewa. Kwa malori madogo haukuondoka, na mpaka leo watu wanauita ushuru wa kuku. Nyuma ya ukuta huo Ford, Chevrolet na Dodge waliendelea kutengeneza pikapu kubwa bila kusumbuliwa sana na mgeni, na mfululizo wa F wa Ford, ulioanza mwaka 1948, ndio pikapu inayoongoza kwa mauzo huku tangu 1977.

Lakini pikapu ya 1966 si pikapu ya leo. Ya leo ina viti vya ngozi na skrini, na ukifungua boneti unakutana na kifuniko cha plastiki. Yangu ukifungua boneti unaiona ardhi. Injini imekaa katikati kama chungu jikoni, na pembeni yake pana nafasi ya mtu kuingia akasimama miguu chini, akafanya kazi bila kuchubuka mkono. Plagi zote sita zimepangwa mstari mmoja upande mmoja, unazifikia zote kwa spana moja. Waliochora gari hili walijua kwamba atakayelinunua anaishi mbali na karakana, ana trekta, ana mikono, na ipo siku atalifungua mwenyewe. Mjomba alipoona nafasi ile kwenye video alisema tu, "Hawa walimheshimu fundi." Nimelifikiria neno hilo mara nyingi.

Turudi mbele ya injini. Nilitoa rejeta, feni, puli, kisha kifuniko cha gia. Injini hii ni ya silinda sita za mstari, inchi za ujazo 240, karibu lita 3.9. Ford waliitoa mwaka 1965 pamoja na kubwa yake ya inchi 300, na hiyo kubwa iliendelea kufungwa kwenye pikapu zao hadi 1996. Haina cheni wala mkanda wa taimingi. Gia ya krankshafti, shafti inayozungushwa na pistoni, inang'atana moja kwa moja na gia ya kamshafti, shafti inayofungua vali. Ya krankshafti ni chuma. Ya kamshafti kwenye injini nyingi za aina hii, ili isipige kelele, ilitengenezwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa pamoja na gundi ngumu. Miaka ikienda, nyuzi hukauka zikawa kama kuni.

Niliangaza tochi. Sehemu moja ya gia ile ilikuwa tupu. Pale palipotakiwa kuwa na meno palikuwa na tambarare ya kahawia yenye nywelenywele, na gia ya chuma ilikuwa inasugua hapo bila kushika. Hiyo ndiyo iliyoizima pikapu shambani mwaka 1998, na ikailaza bandani miaka ishirini na moja.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikampigia mjomba, nikamwonyesha, nikamwambia nimeshaona gia ya chuma inauzwa mtandaoni, Jumamosi inafika, Jumapili tunawasha.

"Meno yako wapi?" akauliza.

"Yameisha, mjomba, si unaona?"

"Naona yametoka. Nakuuliza yameenda wapi."

Nikanyamaza. Yalikuwa chini, kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, ndani ya oili. Na pampu ya oili inanyonya kutoka hukohuko. Nilishusha sampu, kazi ya siku mbili kwangu, nikiwa nimelala kwenye kadibodi juu ya saruji ya baridi. Chujio la mdomo wa pampu lilikuwa limeziba robo tatu kwa vipande vya kahawia vilivyolowa, laini kama kashata iliyokaa kwenye maji. Ningefunga gia mpya na kuwasha injini, ingekata oili na kuunguza beringi kabla sijafika mwisho wa mtaa. Nilivichambua vipande vile juu ya gazeti nikahesabu kadiri nilivyoweza mpaka nikaridhika kwamba meno yote yapo. Kipande kimoja bado ninacho.

Kamshafti niliitoa nikaipeleka kwa fundi wa mashine akabana gia mpya ya chuma. Nilimpa na silinda hedi pia. Injini za miaka ile zilitegemea risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli kulinda viti vya vali. Petroli ya risasi ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani Marekani kuanzia Januari 1996, kwa hiyo alinitilia viti vigumu vya chuma kwa upande wa vali za moshi. Wakati wa kurudisha pampu ya petroli nikakuta bolti moja imepotea, fupi, yenye uzi ambao sikuupata kwenye maduka mawili. Nilimwaga kopo la kahawa mezani. Ilikuwemo.

Iliwaka Machi 2020, wiki ileile watu walipoanza kufungiwa nyumbani. Kwa muda ule wote wa kujifungia nilikuwa na mahali pa kwenda, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni.

Injini ndiyo iliyokuwa rahisi. Bodi ndiyo iliyonila miaka.

Sisi watu wa pwani chumvi tunaijua. Mabati ya nyumba za Raskazone yanaliwa na upepo wa bahari mbele ya macho yako. Sikutegemea kuikuta chumvi hiyo mbali namna hii na bahari yoyote. Minnesota hakuna bahari, lakini kila majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na maji hayo ya chumvi hurushwa na matairi yakajificha kwenye kila tundu lililoko chini ya gari. Kwenye pikapu za namna hii huanzia sehemu zilezile: sakafu ya kabini chini ya miguu, mihimili iliyo chini ya milango, na pembe za nyuma za kabini. Nje unaona rangi imevimba kidogo. Ukigusa kwa bisibisi, bisibisi inaingia.

Pembe za kabini sikujiamini kuzifanya. Nilizipeleka kwenye karakana moja ya bodi, nikalipa dola 1,900, nikarudishiwa gari limepakwa praima safi, mstari umenyooka, kazi ya kupendeza macho. Baada ya msimu mmoja tu wa baridi, tena gari likiwa ndani, vipele vikatokea palepale. Niliweka sumaku kwenye pembe ya kushoto. Ikaanguka. Nikaiweka juu kidogo, ikaanguka tena. Nilikwangua kwa tindo na kukuta puti, ile rojo ya kuzibia bati, nene kama kidole changu gumba, chini yake wavu wa waya, na chini ya wavu kutu yenyewe, haijaguswa, imefunikwa ikiwa hai. Niliporudi kuwauliza waliniambia walifanya kazi niliyolipia. Iliniuma, na si kwa sababu ya fedha peke yake. Nimekulia kwenye gereji ambayo fundi bodi alikuwa akigonga bati kwa nyundo na kipande cha reli mpaka linyooke, na puti akiipaka nyembamba kama siagi ya mtu maskini. Huyu hapa ana mashine zote za dunia, na amemfunikia mtu kutu.

Nikajiandikisha darasa la jioni la kuchomelea. Wiki kumi na mbili. Mwalimu alinipa vipande vya bati chakavu akanikataza kugusa gari mpaka niweze kuunga vipande viwili bila kuvitoboa wala kuvikunja. Bati la gari ni jembamba. Ukilichomelea mfululizo kama unachomelea geti, moto unajaa mahali pamoja na bati linavimba kama chapati kwenye kikaango, na likishavimba halirudi. Kwa hiyo unaweka tone moja la moto hapa, unasogea shubiri moja, unaweka jingine kule, unarudi katikati, unasubiri. Kabla ya tone linalofuata unaweka kiganja. Kama kiganja hakivumilii, hujafika wakati. Mshono wa urefu wa mkono wangu ulinichukua jioni nzima.

Na kabla ya kuunga, kukata. Hapo ndipo roho inapopimwa. Unakata kutu, unaona bado kuna wekundu ukingoni, unakata tena, na shimo linazidi kukua mpaka unajiona unaliua gari. Lakini ukiunga bati jipya kwenye bati lililooza umefanya kilekile walichofanya wale, kwa njia ya taabu zaidi. Upande wa kulia nilikata mara tatu kabla ya kufika kwenye chuma cheupe kinacholia vizuri kikigongwa. Ndani ya mihimili, mahali ambapo hakuna jicho litakaloona, nilipaka praima ya zinki kisha nikapulizia nta. Kazi hiyo naipenda kuliko rangi ya nje.

Mnaotaka kufanya kazi kama hii mtakutana na jaribu ambalo mjomba hakuwahi kukutana nalo, nalo ni katalogi. Kuna kampuni huku zinatengeneza upya karibu kila kipande cha pikapu hizi: milango, sakafu, taa, raba za kanyagio, mpaka vibandiko vya karatasi vilivyokuwa kwenye injini. Ukiwa na fedha unaweza kuagiza gari zima vipandevipande. Mwaka wa kwanza niliagiza kama mtu anayefanya manunuzi ya sikukuu. Mjomba alikuwa akiniona nafungua maboksi, na kila mara anauliza swali moja, kwa upole: "Hicho cha zamani kimekosa nini?"

Mara nyingi kilikuwa hakijakosa kitu. Stata ilitaka brashi mbili. Kinyanyua kioo kilitaka kuoshwa kwa petroli na kupakwa grisi. Rejeta, ambayo nilishaagiza mpya ya alumini, ilikuwa na tundu moja dogo kwenye bomba la pili. Rejeta za zamani ni za shaba, zinakubali risasi ya kulehemu, na mjomba amelehemu rejeta tangu kabla sijazaliwa. Alinisimamia kwa video dakika arobaini: safisha mpaka ing'ae, pasha moto bomba lenyewe, na risasi ikiyeyuka itafuata moto yenyewe, usiisukume. Haijavuja tena. Ile ya alumini niliirudisha.

Kwenye breki tulikubaliana kinyume. Mwaka 1966 masta silinda ya F-100, pampu kuu ya breki, ilikuwa na chumba kimoja tu cha mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Likipasuka bomba moja, silinda moja, popote pale, zimekwenda zote. Nilijua hilo kwa kusoma. Juni 2021 nilikuwa nateremka Ramsey Hill, mteremko mkali kuliko yote ninayoijua mjini hapa, kanyagio likazama mpaka sakafuni bila upinzani wowote, laini kama unakanyaga mto wa kulalia. Silinda ya gurudumu la nyuma kushoto ilikuwa imepasuka. Nilirudisha gia ya pili, injini ikalia, nikakanyaga breki ya kuegeshea kidogokidogo, na gari likasimama magurudumu mawili juu ya ukingo wa njia ya waenda kwa miguu. Palikuwa na mama anasukuma kigari cha mtoto upande wa pili wa barabara. Alinitazama, akaendelea na safari yake, na sidhani kama alijua.

Wapo wapenzi wa magari haya wanaosema kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Nawaheshimu kwenye rangi na vitasa. Magari mengi ya Marekani yalipata masta silinda ya vyumba viwili kuanzia 1967, mwaka mmoja tu baada ya la kwangu, na wiki ileile nilifunga ya namna hiyo, pamoja na mabomba mapya kuanzia mbele hadi nyuma. Mjomba hakubishana hata kidogo. "Breki si makumbusho," akasema.

Breki zilinifundisha na jambo jingine ambalo nimeona nilifikishe kwa kila fundi atakayesoma hapa. Breki shuu za zamani zilikuwa na asbesto. Vumbi lile la kijivu ndani ya ngoma, lile tuliloambiwa tukiwa watoto tulipulize kwa kompresa ili tuone kazi vizuri, linaingia mapafuni na halitoki. Maradhi yake huja miaka mingi baadaye. Niliona mwalimu wa darasa la jioni akivaa barakoa nzito na kulowesha ngoma kwa maji ya sabuni kabla hata hajaigusa, nikakumbuka nusu ya utoto wangu nilivyokuwa nimesimama ndani ya lile wingu. Usiku huo nilimpigia mjomba, na baada ya shikamoo sikujua nianzie wapi. Nilimweleza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akataja majina ya mafundi wawili aliofanya nao kazi miaka ya nyuma, waliokufa kwa kifua. Haijulikani kama ndiyo sababu. Lakini tangu siku hiyo vijana wake wanatumia ndoo na brashi, na kompresa haiguswi kwenye breki. Kama miaka yangu minne ingezaa ndoo ile peke yake, ningesema imelipa.

Rangi sikuipaka upya yote. Nilizipaka sehemu nilizochomelea tu, samawati ya karibu na ile ya asili, na zinaonekana. Mwenye jicho atajua palipokatwa. Mlango wa dereva niliuosha na kuung'arisha basi. Juu yake, kwenye ukingo wa dirisha, kuna sehemu yenye urefu wa kiganja ambapo rangi imeisha kabisa, chuma kimekuwa laini na cheusi kama mpini wa jembe. Hapo ndipo viwiko vya baba na mwana vililala miaka thelathini na mbili. Ningeweza kupiga msasa na kupaka kwa nusu saa. Naipaka nta nyepesi kila mwezi isishike kutu, na kiwiko changu kimeangukia palepale bila kutafuta.

Kuiendesha ni kazi ya mwili mzima. Usukani hauna msaada wa hidroliki. Gia zake tatu ziko kwenye shingo ya usukani: ya kwanza unavuta kwako na kushusha, ya pili unasukuma mbele na kupandisha, ya tatu unashusha moja kwa moja. Vijana wa huku hawawezi kuiondoa hata kwenye maegesho. Mjomba hajawahi kuigusa, lakini siku ya kwanza alipoiona alinyoosha mkono hewani, mbele ya gereji, akaingiza gia zote tatu bila kukosea. Ni Peugeot 404 hizo, miaka na miaka ya gia za usukani, kwenye barabara za Pangani na Korogwe.

Agosti mwaka jana alitaka kuisikia ikitembea. Si kuiona, kuisikia. Niliiweka simu sakafuni, upande wa abiria, nikaendesha maili mbili kando ya mto, polepole, kwenye lami yenye viraka. Niliporudi na kuiokota simu alikuwa amefumba macho.

"Injini nzuri. Difu nzuri. Mbele kulia kuna kitu kinagonga ukivuka shimo. Kon, kon. Piga jeki."

Kwenye F-100 za kuanzia 1965 kila gurudumu la mbele limekaa kwenye mhimili wake wa chuma, miwili inapishana chini ya injini; Ford waliuita mfumo huo Twin-I-Beam. Mwishoni mwa kila mhimili kuna kingipini, pini nene ambayo gurudumu hugeukia ukikata usukani. Niliinua, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa. Lilicheza, si sana, lakini mkono uliusikia mchezo.

"Utabadilisha bushi," akasema. "Chukua za shaba, usichukue za plastiki. Lakini kwanza niambie, nipo ya juu inapitisha grisi?"

Nilikuwa nimeipiga grisi kila baada ya miezi mitatu kwa miaka mitatu. Nilikuwa na hakika. Nikachukua bomba la grisi nikalibana kwenye nipo, kile kichuchu cha kuingizia grisi, nikasukuma huku namwonyesha. Grisi ikarudi pembeni, haikuingia. Nikaifungua. Tundu lilikuwa limezibwa na punje ya rangi ngumu, ya samawati, ile ya kiwandani. Huenda ilizibwa siku ileile gari lilipotoka Highland Park, na hakuna grisi iliyowahi kupita pale tangu hapo.

Nililizibua kwa sindano ya kushonea ya mke wangu, nikarudisha nipo, nikasukuma tena. Safari hii mkono ulihisi inaenda. Kwanza ikatoka maji ya kutu, kisha kitu cheusi kizito kama lami, kisha, baada ya kusukuma mara nyingi, grisi mpya yenyewe ikachungulia juu na chini ya kingipini kwa pamoja.

"Hapo," mjomba akasema. "Sasa agiza bushi."